Mmoja Anayebaki: Maneno kwa Walimu Tarajali Kuhusu Namba Witiri

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakufunzi, viongozi wa serikali ya wanachuo, itifaki imezingatiwa. Walionizidi umri, shikamooni. Wanangu walimu tarajali, hamjambo?

Wiki ijayo mnatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Wengi wenu mmepangiwa darasa la tatu, la nne na la tano, na nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo lolote la hisabati ambalo ningependa mwende nalo. Nimechagua namba witiri. Naona wengine mnatazamana. Nimefundisha miaka 31, na katika miaka yote hiyo sijapata mada nyingine ndogo kama hii ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kuuliza "kwa nini?" akapewa jibu kamili, jibu lisilobadilika hata atakapokuwa profesa. Na hapo hapo ndipo tunapomnyamazisha. Tunamwandikia ubaoni 1, 3, 5, 7, 9, tunamwambia akariri, kengele inalia, tunatoka. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nililokuja kulisema.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama. Bibi alikuwa akiuza kanga Tanga mjini. Kanga huuzwa kwa doti, pande mbili, lakini wakati mwingine alikuja mama asiye na pesa ya kutosha, akaomba upande mmoja, na bibi alikuwa hawezi kumkatalia mtu. Jioni, kabla ya kufunga sanduku, alikunja kanga zake mbili mbili, moja juu ya mwenzake. Hakujali zilikuwa pande 46 au 47. Alikunja tu. Ukibaki upande mmoja mkononi mwake, alisema, "Leo kuna mmoja ameondoka peke yake." Bibi hakukaa darasani hata siku moja, na hiyo ndiyo maana sahihi ya namba witiri kuliko nyingi nilizowahi kusoma: ukivipanga vitu viwili viwili, kimoja kinabaki bila mwenzake. Ikiwa hakuna kinachobaki, namba hiyo ni shufwa.

Shikeni hilo. Mambo yote nitakayowaambia leo yanatoka kwa huyo mmoja anayebaki.

Sasa, vitabu vyetu vinasema namba witiri ni ile inayoishia na 1, 3, 5, 7 au 9. Ni kweli, lakini hiyo ni alama ya kuitambulia. Haisemi namba witiri ni kitu gani. Muulize mwanafunzi wako: kwa nini tunatazama tarakimu ya mwisho tu? Chukua 4,687. Mbona tunazipuuza hizo elfu nne, mia sita na makumi manane, tunaitazama 7 pekee? Wengi hawatajibu, na ninasikitika kusema walimu wengi pia hawatajibu. Jibu ni hili. Maelfu, mamia na makumi yote ni makumi yaliyorundikwa, na kila kumi ni jozi tano bila mabaki. Kwa hiyo vyote vilivyo kushoto vimeshapata wenzao kabla hujaanza kuhesabu. Wasiojulikana ni wale saba wa kwenye mamoja. Saba ni jozi tatu na mmoja pembeni. Tarakimu ya mwisho inaamua kwa sababu kumi yenyewe ni shufwa.

Mnataka kuona kwamba sababu hiyo ndiyo yenyewe? Badilisheni kumi. Mmeona tunavyohesabu kura za kiranja ubaoni: vijiti vinne vya chaki, kisha mkato mmoja juu yake, tano hizo, tunaanza fungu jingine. Tuseme mgombea amepata mafungu matatu kamili na vijiti viwili pembeni. Mwishoni tunaona mbili. Je, kura zake ni shufwa? Zihesabuni: kumi na saba. Ni witiri. Ile kanuni ya "tazama mwisho" imekufa, kwa sababu fungu la tano halijitoshelezi, kila fungu linaacha mmoja. Mafungu matatu yanaacha watatu, ongeza wale wawili wa pembeni, watano. Jozi mbili, na mmoja anabaki. Mtoto akikielewa kisa hiki cha kura, ameielewa kanuni ya tarakimu ya mwisho kuliko yule aliyeikariri mara mia.

Niseme kidogo juu ya neno lenyewe, maana mtaulizwa. Witiri na shufwa ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, na yametajwa pamoja katika Kurani, Sura ya 89, Al-Fajr, aya ya 3, katika kiapo. Mtoto wa Pwani aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu tayari analijua moja kati ya hayo: baada ya Isha kuna swala ya witiri, ambayo rakaa zake ni moja, au tatu, au tano, kamwe si mbili wala nne. Asubuhi ya Idi el Fitr pengine amepewa tende ale kabla ya kwenda kuswali, akaambiwa azile kwa idadi ya witiri. Mtumieni mtoto huyo awaeleze wenzake. Lakini kwa mtoto wa bara ambaye neno hilo hajalisikia popote ila ubaoni, msilitupe tu kama jiwe. Mwambieni linamaanisha nini, na mumpe vizibo vya soda avipange mwenyewe.

Na mjihadhari na neno tasa. Watoto huchanganya witiri na tasa kila mwaka. Namba tasa ni ile iliyozidi moja, isiyogawanyika kwa namba nyingine ila kwa moja na kwa yenyewe. Tasa zote ni witiri isipokuwa 2, lakini witiri nyingi si tasa. Tisa ni witiri, na vizibo tisa vinakaa vizuri katika mistari mitatu ya vitatu vitatu. Kumi na tano hivyo hivyo. Na mtoto mmoja hakosi kuuliza: sifuri je? Usimwambie "haina jina." Mrudishe kwa bibi. Sanduku halina kanga hata moja. Je, kuna upande uliobaki peke yake? Hakuna. Basi sifuri ni shufwa.

Nije sasa kwenye jambo lililonileta hapa.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu wetu aliandika ubaoni: witiri jumlisha witiri ni shufwa. Akatoa mifano mitatu: 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16, 11 na 1 ni 12. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, na zile kubwa ambazo hatujazijaribu?" Sikuwa mtundu. Nilikuwa na wasiwasi wa kweli, kwamba huenda huko mbali, kwenye mamilioni, kuna namba mbili zinazokataa. Nilichapwa viboko viwili kwa kupoteza muda wa darasa. Sitaitaja shule, na mwalimu huyo ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Lakini swali langu lilikuwa zuri. Lilikuwa swali la hisabati hasa. Mifano mitatu haithibitishi kitu. Mifano milioni haithibitishi kitu. Namba hazina mwisho, na utakufa kabla hujazijaribu zote.

Jibu nililonyimwa ni la sekunde kumi. Namba witiri ya kwanza, hata ikiwa kubwa kama mchanga wa Bahari ya Hindi, ni jozi jozi na mmoja anabaki. Ya pili nayo ni jozi jozi na mmoja anabaki. Ukizileta pamoja, wale wawili waliobaki wanakutana, wanakuwa jozi. Hakuna tena aliye peke yake. Basi. Hatukutaja ukubwa wa namba popote, kwa hiyo jibu linazishika zote kwa mpigo mmoja, zile tulizojaribu na zile ambazo hakuna binadamu atakayezitamka. Hicho ndicho kinachoitwa uthibitisho. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliweka mambo haya haya katika kitabu cha tisa cha Elementi zake, yapata miaka 2,300 iliyopita, na kitoto cha darasa la nne kinaweza kuyasema kwa vizibo viwili mkononi.

Nilikuja kumwona mtoto akifanya hivyo mbele ya macho yangu. Msichana mmoja, mkimya, wa benchi la nyuma. Nilikuwa nimewapa vizibo, nikawauliza jumla ya witiri tatu ni nini. Wenzake walikuwa wanajumlisha 3 na 5 na 7. Yeye alichukua vizibo vitatu tu, akaviweka mezani, akasukuma viwili vikagusana, cha tatu akakiacha. Akanitazama. Nikamuuliza, "Na zile jozi nyingine ziko wapi?" Akasema, "Hizo hazina shida, Mwalimu, zina wenzao." Nilikaa chini. Mtoto alikuwa ametupa kila kisichohitajika, akabaki na kiini peke yake. Ukiona jambo hilo mara moja katika maisha yako ya ualimu, mshahara mdogo unausahau kwa wiki nzima.

Kwa hiyo siku mtakapotumiwa ile chemshabongo inayozunguka kwenye WhatsApp, inayosema chagua namba tatu kati ya 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15 zijumlishe kupata 30, msikeshe. Nimetumiwa mara nyingi, na watu wazima wamekesha nayo. Witiri tatu, wawili wanakutana, mmoja anabaki. Jumla ni witiri daima. Thelathini ni shufwa. Haiwezekani, na mmejua haiwezekani bila kujaribu hata mara moja.

Kuzidisha ni hivyo hivyo. Witiri mara witiri ni witiri. Pangeni vizibo mistari mitano, kila mstari vizibo saba. Ioanisheni mistari: wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, kila kizibo na jirani yake wa mstari wa pili. Mstari wa tano unabaki peke yake. Sasa ioanisheni vizibo vya mstari huo: jozi tatu, na kimoja kinabaki. Ni huyo huyo mmoja wetu.

Sasa nataka tuingie kwenye jambo ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko yote. Weka kizibo kimoja mezani. Kizungushie vitatu: kimoja kulia, kimoja juu, kimoja pale kwenye kona. Umepata mraba wa mbili kwa mbili, vizibo vinne. Uzungushie huo vizibo vitano, viwili kulia, viwili juu, kimoja kwenye kona. Umepata tatu kwa tatu, tisa. Zungushia saba, kumi na sita. Zungushia tisa, ishirini na tano. Kila mara unazungushia umbo la kona, kama kile chombo cha fundi seremala cha kupimia kama mbao zimekaa sawa, na kila kona mpya inazidi iliyotangulia kwa viwili, kwa sababu kila mkono wa kona umerefuka kwa kimoja. Kwa hiyo ukijumlisha namba witiri kuanzia moja, bila kuruka, unapata namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25, na kuendelea bila mwisho. Witiri kumi za kwanza zinaleta 100. Witiri mia za kwanza, 10,000. Mwanafunzi asiyejua hata kanuni moja ya aljebra anaweza kujumlisha namba mia kichwani.

Wafuasi wa Pythagoras walilijua jambo hili kwa vijiwe. Mwaka 1575 kikachapishwa kitabu cha Francesco Maurolico, mwanahisabati wa Messina kule Sicily, ambamo alilithibitisha kwa hatua kwa hatua: mraba huu ukiongezewa witiri inayofuata unazaa mraba unaofuata, na huo unazaa mwingine, kama moto unavyopokezana kwenye nyasi kavu. Na kwetu? Fungueni ubao wa bao. Kete za bao la Kiswahili ni 64. Anzeni kuzipanga mezani kwa kona, moja, tatu, tano, saba, mpaka kona ya nane yenye kete kumi na tano. Zote zitakwisha, hakuna itakayozidi wala kupungua, na mtakuwa na mraba wa nane kwa nane. Nimefanya hivyo na wazee wa baraza waliocheza bao miaka hamsini. Waliipanga mara mbili kuhakikisha.

Namba hizi hazikai mezani tu. Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alionyesha kwamba kitu kinachoanguka, ukiugawa muda wake katika vipande vilivyo sawa, masafa yake hufuata namba witiri: moja, tatu, tano, saba. Chukueni nazi iliyoko mita kumi na moja juu ya ardhi. Ikikatika, katika nusu sekunde ya kwanza inashuka kama mita 1.2. Nusu sekunde ya pili, mara tatu ya hapo, mita 3.7 hivi. Nusu sekunde ya tatu, mara tano, mita 6.1, na imeshafika chini. Sekunde moja na nusu. Ndiyo maana anayepita chini ya mnazi akisikia "tahadhari!" anakuwa na muda mdogo sana: zaidi ya nusu ya safari nazi inaimaliza katika theluthi ya mwisho ya muda. Zile kona zetu za vizibo ndizo hizo, zinaanguka kutoka mnazini.

Kuna na mchezo mwingine mdogo, nitaupitia haraka. Mwambie mtoto achague namba witiri yoyote, aizidishe kwa yenyewe, atoe moja, agawanye kwa nane. Haitabaki kitu kamwe. Saba mara saba ni 49, toa moja 48, kwa nane ni 6. Tisa mara tisa 81, toa moja 80, kwa nane ni 10. Kwa nini? Kuzidisha namba kwa yenyewe na kutoa moja ni sawa na kuzidisha jirani zake wawili, aliye chini na aliye juu: 6 mara 8, 8 mara 10. Jirani hao ni shufwa mbili zinazofuatana, na katika shufwa mbili zinazofuatana moja lazima igawanyike kwa nne. Mbili mara nne ni nane. Wapeni darasa la saba hilo, siku ya Ijumaa mchana wakiwa wamechoka.

Ila siku mtakayotaka darasa zima lisimame, fanyeni hili. Unahitaji madawati 25 ya kukaa mtoto mmoja mmoja, yapangwe tano kwa tano. Kama madawati yenu ni ya kukaa watatu, kama yalivyo mengi, toka nje uchore viboksi 25 kwa fimbo kwenye udongo, kila mtoto asimame chake. Kisha toa amri: kila mmoja ahame kwenda kwenye boksi la jirani, mbele, nyuma, kulia au kushoto, bila kwenda kwa pembe, na wote 25 wahame kwa wakati mmoja, kila boksi lipate mtu mmoja tu. Kaa pembeni uwaache. Watagongana. Watapanga upya. Atatokea jasiri mmoja atakayeanza kuwaelekeza wenzake, nao watamtii, na mwisho kutakuwa na mmoja asiye na pa kwenda au wawili boksi moja. Niliwaacha darasa la sita wakihangaika hivyo dakika ishirini kamili. Walikuwa wametoka jasho na walikuwa wanacheka, wakinishutumu kwamba nimewaficha siri.

Ndipo unachukua majivu au unga wa chaki. Weka alama kwenye boksi la kona, ruka moja, weka kwenye linalofuata, kama ubao wa drafti. Waambie wahesabu. Yenye majivu ni 13. Yasiyo na majivu ni 12. Kisha uliza swali moja tu: ukiwa umesimama kwenye majivu, ukahama hatua moja, utaangukia wapi? Mahali pasipo na majivu, daima. Basi watu 13 wanatafuta nafasi 12. Kimya kinachofuata hapo, wanangu, hicho ndicho nilichofundishia miaka yote hiyo. Mvulana mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe tulikuwa tunahangaika bure." Nikamwambia hapana, kwa sababu sasa anajua kwamba hata wangejaribu mpaka jioni, hata waje watu wazima wenye akili kuliko wao, haitawezekana. Kujua kwamba jambo haliwezekani, na kujua sababu, ni elimu kubwa. Kwa 36, sita kwa sita, inawezekana kirahisi: kila mmoja anabadilishana na jirani yake. Ishirini na tano inakataa kwa sababu ya yule mmoja.

Nanyi leo asubuhi, mlipokuwa mnaingia, mmepeana mikono. Wengine wamesalimia watu wawili, wengine saba, mwingine kajifungia na simu yake hajasalimia mtu. Mimi sikuwepo mlangoni, lakini nawaambia kwa uhakika: idadi ya watu waliopeana mikono mara witiri humu ukumbini ni shufwa. Kila kupeana mkono kunahesabiwa mara mbili, kwangu na kwako, kwa hiyo jumla ya hesabu zetu sote ni shufwa. Kama wenye hesabu za witiri wangekuwa witiri kwa idadi, jumla ingeacha mmoja. Jambo hilo linatoka kwa mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeandika mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, akionyesha kwamba huwezi kuyavuka yote mara moja moja. Vipande vinne vya ardhi, na kila kimoja kimefikiwa na madaraja ya idadi ya witiri. Ukiingia na kutoka, ukaingia na kutoka, daraja moja linabaki.

Hata kompyuta zinamtegemea huyu mmoja. Taarifa husafiri kama mfululizo wa sifuri na moja. Njia mojawapo kongwe ya kulinda ujumbe ni kuongeza tarakimu moja mwishoni ili idadi ya moja zote iwe shufwa. Ikifika upande wa pili ikiwa witiri, mashine inajua kuna kitu kimeharibika njiani, inaomba irudiwe. Zikiharibika mbili kwa pamoja, kosa linapita bila kuonekana, kama mlivyokwisha kubaini wenyewe: wawili waliobaki wamekutana.

Msiende huko mkidhani mambo yote haya yamekwisha. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Zote zilizowahi kupatikana ni shufwa. Je, ipo iliyo witiri? Tangu enzi za Wagiriki hakuna aliyeiona, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba kama ipo, ni kubwa kuliko 1 yenye sifuri 1,500 mbele yake. Tazameni: namba zote hizo zimeshaondolewa kwa uthibitisho, bila kujaribiwa moja moja, na bado hakuna mwanahisabati anayethubutu kusema "basi haipo." Lile swali nililochapwa kwa ajili yake ndilo hilo hilo wanalojiuliza wao. Na swali lililotokana na barua ya Christian Goldbach kwa Euler mwaka 1742, kwamba kila witiri iliyozidi 5 ni jumla ya namba tasa tatu, lilingoja miaka 271. Mrusi Ivan Vinogradov alilimaliza mwaka 1937 kwa witiri kubwa sana tu, na Harald Helfgott, mzaliwa wa Peru, akatoa uthibitisho wa zote mwaka 2013. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulijaribu kesho: 7 ni 2 na 2 na 3, 9 ni 3 na 3 na 3, 11 ni 3 na 3 na 5. Anacheza kwenye uwanja ule ule waliochezea hao.

Nawaomba jambo moja mkifika vituoni. Mtoto akinyoosha mkono akauliza, "Na zile ambazo hatujazijaribu?", acheni mlichokuwa mnaandika ubaoni. Somo la siku hiyo ni hilo. Mtasema mtaala ni mrefu na mkaguzi anakuja. Najua. Nimekaguliwa mara nyingi. Uthibitisho wa vizibo viwili hauzidi dakika tano, na mwanafunzi aliyeupata hahitaji kurudiwa kanuni hiyo mpaka anamaliza shule.

Saa yangu inasema saa tano kamili, na simu ya Mkuu wa Chuo hapa mezani inasema 11:00. Zote witiri. Saa yetu na ya Kizungu hupishana kwa sita daima, na sita ni shufwa, kwa hiyo saa iliyo witiri kwetu ni witiri kwao pia. Waachieni darasa la tatu walitafute wenyewe, msiwaambie.

Pale mlangoni nimeweka magunia mawili ya vizibo vya soda nilivyokusanya kwa wenye maduka. Kila mmoja, akitoka, ajihesabie 25. Vioshwe kabla ya kuingia navyo darasani, vingine vina kutu. Asanteni kwa kunisikiliza.